Armadilo Hajavamia Manzuki: Hotuba kwa Wafugaji Nyuki

Ndugu wafugaji nyuki, maofisa ugani, maofisa wanyamapori, mabibi na mabwana, nawasalimu.

Mnyama nitakayemzungumzia leo hayupo Afrika. Armadilo ni wa mabara ya Amerika tu. Wako wa spishi zaidi ya 20, kuanzia mdogo anayeenea kiganjani hadi mmoja anayefikia kilo 50. Huyo mkubwa kuliko wote, ambaye wanasayansi humwita Priodontes maximus, ndiye aliyegongana na wafugaji nyuki wa jimbo la Mato Grosso do Sul, magharibi mwa Brazili. Huko ndiko tutakakokaa kwa muda wa mazungumzo haya.

Kama kuna anayejiuliza habari za Brazili zinatuhusu nini, tuanze na nyuki wenyewe. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki Warwick Kerr alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika na kuwapeleka Brazili. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka katika kituo chake karibu na Rio Claro, jimbo la São Paulo, yakachanganyika na nyuki wa Ulaya waliokuwapo. Uzao huo ndio unaojaza mizinga ya Brazili leo, na ukali wake mnaufahamu. Hata malisho yanayozunguka manzuki za kule, yaani mahali panapowekwa mizinga, ni nyasi za brachiaria, ambazo asili yake ni Afrika. Shida yenyewe, mnyama kubomoa mizinga, pia mnaijua, isipokuwa kwenu inaletwa na nyegere.

Sasa tumtazame mnyama. Kiwiliwili chake huweza kufika mita 1, mkia nusu mita juu yake. Mgongo umefunikwa na magamba ya mfupa yaliyopangwa kwa mistari, tumbo ni laini. Kucha ya katikati ya mguu wa mbele huweza kufika sentimita 20 ukiipima kwa kufuata mpindo wake, na kwa kucha hiyo hupasua kichuguu kigumu na kuchimba shimo lenye kina cha hadi mita 5. Chakula chake kikuu ni mchwa na sisimizi, basi. Kazi anayoifanya ardhini ndiyo ile muhanga anayoifanya huku kwetu, ingawa hawa wawili hawana undugu wa karibu.

Hutoka usiku, hula kwa saa chache, na kabla ya mapambazuko anakuwa amesharudi chini. Shimo moja halikai siku nyingi: baada ya siku mbili tatu huliacha na kuchimba jingine mbele ya safari. Joto ndani ya shimo hubaki karibu nyuzi 24 au 25 hata nje kukiwa na jua kali au baridi ya ghafla. Kwa mnyama ambaye mwili wake hauwezi kudhibiti joto vizuri, hilo ni jambo la uhai. Akishaondoka, wengine huingia. Mradi wa utafiti ulioanza mwaka 2010 katika nyanda oevu za Pantanal, ukiongozwa na Arnaud Desbiez, ulitega kamera mbele ya mashimo haya, na ripoti yake ya mwaka 2013 ilitaja spishi 24 za wanyama wenye uti wa mgongo wanaoyatumia: mla-sisimizi mkubwa, paka-mwitu, nguruwe-mwitu wa kule wanaokuja kugaragara kwenye mchanga uliotolewa, mijusi, na wengineo. Anapoondolewa mchimbaji mmoja, wapangaji wote hao hukosa nyumba mpya.

Idadi yake ndiyo hasa ningependa mtulie nayo. Katika Pantanal, ambako mazingira bado ni mazuri, msongamano uliokadiriwa ni wanyama 7 hadi 8 hivi kwa kilomita za mraba 100. Eneo la mnyama mmoja ni takriban kilomita za mraba 25, yaani hekta 2,500. Jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitatu hivi, na huyo mtoto hukomaa akiwa na miaka 6 hadi 9. Fanyeni hesabu. Wafugaji watatu wenye manzuki umbali wa kilomita mbili tatu kutoka kwa mwenzake, wote wakalalamika kwamba armadilo wamezidi, huenda wote wanatembelewa na mnyama mmoja. Akiuawa huyo, mabonde kadhaa hubaki bila mwingine kwa miaka mingi. Na kama kuna ukanda wa kichaka unaounganisha eneo hilo na jingine, siku moja kijana mpya atakuja kutafuta mahali pa kukaa, ataikuta mizinga ile ile imekaa chini vile vile.

Mizinga hiyo inafikaje njiani mwake?

Mato Grosso do Sul sehemu kubwa ni Cerrado, savana ya miti iliyofunika karibu kilomita za mraba milioni 2 katikati ya Brazili. Karibu nusu ya uoto wake wa asili imeshaondolewa, ikawa malisho, soya, miwa na mikaratusi. Kilichobaki kwenye mashamba hukaa vipande vipande, na vipande hivyo vina sura inayotokana na sheria. Kanuni ya Misitu ya Brazili ya mwaka 2012 humtaka mwenye shamba katika Cerrado ya jimbo hili aache asilimia 20 ya ardhi yake kama hifadhi ya kisheria, na pia aache ukanda wa mita 30 kila upande wa kijito chenye upana usiofika mita 10. Ukilitazama shamba kutoka juu utaona kitalu kimoja cha miti pembeni, na mistari ya kijani ikifuata mito.

Armadilo mkubwa hushikamana na vitalu na mistari hiyo. Malisho huyavuka, hula kando yake, lakini hakai humo. Shamba la soya linalolimwa kila msimu halina viota vya mchwa vya kumtosha, kwa sababu trekta huvisaga kabla havijakua, na ardhi wazi haina kivuli cha kulinda shimo. Malisho yaliyochoka ni habari nyingine: hujaa vichuguu vya mchwa aina ya Cornitermes cumulans, na armadilo wadogo pamoja na mla-sisimizi mkubwa huvifuata humo usiku. Kwa hiyo mkulima anayesema "wako shambani kwangu kila siku" husema kweli, ila mara nyingi amewaona hao wadogo. Mkubwa haonekani. Wapo watu waliozaliwa na kuzeeka katika Cerrado ambao hawajamwona hata mara moja, wanaona mashimo yake tu.

Katika mikaratusi hupita na kuchimba, hasa pale chini palipobaki na vichaka, ila chambo za sumu zinazotumika dhidi ya sisimizi wanaokata majani humpunguzia chakula. Tatizo hilo halina ufumbuzi mwepesi, na sitalipakia kwenye hotuba ya mizinga.

Mfugaji nyuki naye anatafuta nini? Maua ya porini ya Cerrado, na maua ya mikaratusi. Maji karibu. Kivuli. Na kwa kuwa nyuki wake ni wakali, anakwenda mita 300 au zaidi kutoka kwenye nyumba, zizi na barabara. Mara nyingi hana ardhi yake mwenyewe. Anaomba nafasi kwa mwenye ng'ombe au kampuni ya miti, naye anaonyeshwa pembe isiyotumika. Pembe isiyotumika ni ukingo wa hifadhi ya kisheria, au ukanda wa kijito. Kila sharti la manzuki nzuri limempeleka mfugaji kwenye mita chache za mwisho ambazo armadilo amebakiwa nazo. Mizinga inawekwa juu ya tairi, tofali au kichanja cha sentimita 40, usoni kabisa pa mnyama anayetembea akinusa ardhi kutafuta viota vya wadudu. Kwake mzinga ni kiota kingine chenye majana, yaani watoto wa nyuki, wengi, na kimekaa pazuri kufikiwa.

Kabla ya kumlaumu, soma alama. Kuna mnyama wa jamii ya nyegere kule aitwaye irara, mwepesi, mpanda miti, naye hupenda asali. Ng'ombe huangusha mizinga kwa kujikuna. Upepo pia huangusha. Armadilo mkubwa husukuma mzinga wote ukalala ubavu, huvunja fremu na kula majana, na masega ya asali huachwa yakiwa yamepondeka lakini mengi yapo. Kwenye mchanga angalia nyayo zenye alama nzito ya kucha kubwa ya mbele, na mara nyingine mstari wa mkia ulioburuzwa. Zunguka manzuki kwa mita 200 ukitafuta shimo: mdomo wake ni mpana chini na una tao juu, upana wa sentimita 40 na kitu, mbele yake kuna rundo kubwa la mchanga. Shimo la armadilo wa mistari tisa, ambaye ni wa kawaida zaidi, lina upana wa sentimita 20 hivi tu. Huyo mdogo hana nguvu ya kuangusha mzinga. Watu wengi wamemwua bila kosa lolote.

Ukitaka uhakika, tega kamera. Ifunge kwenye mti mita 3 kutoka kwenye mzinga wa pembeni, kimo cha sentimita 40, ikitazama sambamba na mstari wa mizinga. Usiielekeze mashariki wala magharibi, kwa sababu jua la asubuhi na jioni huiwasha bure na kujaza kadi. Kata nyasi zilizo mbele yake. Iache majuma mawili, maana mnyama mwenye eneo la hekta 2,500 hapiti kila usiku.

Sasa kinga. Iliyofanya kazi vizuri kwa wafugaji wa Mato Grosso do Sul ni kimo: sakafu ya mzinga iwe mita 1.3 kutoka ardhini. Armadilo mkubwa hapandi. Husimama kwa miguu ya nyuma akijiegemeza kwa mkia, hufika pale mikono yake inapoishia, kisha husukuma kwa uzito wote. Kichanja cha sentimita 80, ambacho wengi hujenga wakidhani kinatosha, huanguka, kwa sababu hapo bado anashika sanduku lenyewe na si nguzo.

Kichanja cha mzinga mmoja wa Langstroth, yaani mzinga wa masanduku yenye fremu, ambao kitako chake ni sentimita 41 kwa 51, kinahitaji nguzo nne za mita 1.9. Sentimita 60 ziingie ardhini na kushindiliwa kwa mawe au zege. Pimeni zile mita 1.3 upande wa juu wa mteremko. Wajenzi wengi hupima upande wa chini, na mnyama husimama upande wa juu. Fremu ya juu ya kichanja isizidi kitako cha mzinga. Mbao zikitokeza nje, zinampa mahali pa kukamata kwa kucha. Unganisheni nguzo kwa mbao za mshazari, lakini ziwe juu ya mita 1, zisije zikawa ngazi. Kila nguzo ipakwe grisi au ivishwe kikombe cha mafuta machafu ili sisimizi wasipande. Kisha funga mzinga mzima, kifuniko, masanduku na sakafu pamoja na kichanja, kwa mkanda wa mpira wa ndani wa tairi. Mkanda huo ni wa gharama ndogo sana, nao mara nyingi ndio unaotofautisha mzinga ulioyumba na mzinga uliopasuka.

Kuna gharama ambayo lazima isemwe waziwazi. Sanduku la asali lililojaa huweza kupita kilo 20, na ukiweka mawili juu ya sanduku la majana lililokaa kwenye mita 1.3, la juu kabisa linakuwa usawa wa uso wako au zaidi. Kulishusha ukiwa na mavazi ya kurinia, nyuki wakali wakikuzunguka, ni kuhatarisha mgongo. Wafugaji waliokataa vichanja virefu walikataa kwa sababu hii, nao wana haki. Dawa ni tatu: tumia masanduku mafupi ya asali, rina mapema bila kungoja la pili lijae, na beba kibenchi cha sentimita 50 cha kusimamia. Kibenchi hicho urudi nacho. Ukikiacha pale, umemjengea armadilo daraja. Gogo, kichuguu kipya au rundo la mchanga wa shimo karibu na nguzo hufanya hivyo hivyo.

Asiyeweza kuinua mizinga azungushe wavu. Wavu wa chuma wenye kimo cha mita 1.2 hutosha kwa asiyepanda, ila ukiishia usawa wa ardhi ni pesa iliyotupwa, kwa sababu mchimbaji huyu atapita chini kwa dakika chache. Chimba mtaro, fukia sentimita 40 hadi 50 za wavu, na sehemu ya chini ikunjwe kuelekea nje, ili akichimba akutane nayo ikiwa imelala. Uzio wa umeme nao hufaa, kwa masharti. Waya wa kwanza ukae sentimita 20 kutoka ardhini, wa pili 40, ili umguse puani au tumboni. Magamba ya mgongoni hayapitishi mshtuko vizuri. Nyasi zikigusa waya, umeme wote huishia ardhini. Wakati wa mvua brachiaria hukua haraka mno, hivyo usiposafisha kila juma uzio unabaki mapambo. Betri na paneli ya jua huibwa pia, hasa kwenye manzuki za mbali.

Sumu isiguswe. Kule wapo wafugaji waliotia sumu kwenye mizinga iliyobomolewa, na mambo yalikwenda namna inavyotarajiwa: waliokufa ni wengi zaidi ya mlengwa, nyuki wa jirani wakiwamo, kwa kuwa nyuki hukimbilia asali iliyomwagika. Asali ya manzuki nzima inakuwa haiuziki.

Na upande wa soko kuna jambo lililofanywa ambalo sisi tunaliona la maana kabisa. Mfugaji aliyekinga mizinga yake na asiyemdhuru mnyama hukaguliwa, kisha huruhusiwa kuweka alama maalumu kwenye chupa za asali yake inayomtambulisha kama rafiki wa armadilo. Afrika Kusini ilitangulia njia hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa asali iliyotambulishwa kuwa haijaua nyegere. Alama ya namna hii husimama au huanguka kwa ukaguzi. Mkaguzi apime kimo kwa futi kamba, mzinga kwa mzinga, arudi msimu unaofuata. Ikigawiwa kwa maneno matupu, mnunuzi atajua, na aliyejenga vichanja kwa jasho lake ataumia pamoja na aliyedanganya.

Kwa wanaotaka kuleta kipimo hiki cha mita 1.3 Tabora, Katavi au Kitui, tahadhari moja: nyegere hupanda. Kimo peke yake hakimtoshi. Nguzo zivishwe bati laini lenye urefu wa sentimita 60 pande zote, au mzinga utundikwe kwa waya mbali na shina kama mlivyozoea.

Niguse afya kidogo, kwa kuwa armadilo huliwa. Nchini Brazili kuwinda wanyamapori kumekatazwa na sheria tangu mwaka 1967, lakini vijijini uwindaji unaendelea. Armadilo wa mistari tisa huweza kubeba bakteria wa ukoma, na hatari ipo zaidi kwa anayechuna na kukatakata nyama mbichi mikono mitupu. Katika jimbo la Piauí, kaskazini-mashariki, watu waliofukua mashimo ya armadilo wakati wa kiangazi wameugua mapafu kwa kuvuta vumbi lenye kuvu wa Coccidioides. Mfugaji anayetaka kufukia shimo lililo karibu na manzuki asifanye hivyo: ni hatari kwake, huenda mnyama yumo ndani, na kesho kutwa atachimba jingine.

Tuseme basi umefika asubuhi ukakuta mzinga umelala. Usiusimamishe jua likiwa kali, nyuki wakiwa wamechafuka. Ngoja jioni, washa kitoa moshi vizuri, vaa kikamilifu, na uende na mtu wa pili. Anza kwa kutafuta malkia kwenye kundi kubwa zaidi la nyuki lililojishika. Mara nyingi amejificha chini ya sanduku la majana au kwenye nyasi mita moja kutoka hapo. Fremu zenye majana mazima zirudishwe katikati kwa mpangilio ule ule, zilizovunjika zifungwe kwa uzi wa pamba, nyuki wataukata wenyewe baadaye. Masega ya asali yaliyopondeka yaondolewe yote kwenye ndoo yenye mfuniko, la sivyo kesho saa nne makundi jirani yatakuwa yanaibia. Mlango upunguzwe ubaki sentimita 3 ili walinzi wachache waweze kuulinda. Kama malkia haonekani, kagua baada ya siku nne au tano: ukiona vyumba vya malkia vipya, wameshaanza kujitengenezea mwingine, waache. Na usiku ule ule, kabla hujaondoka, uhamishie mzinga juu ya kichanja kirefu au uutoe kabisa mahali hapo, kwa sababu mnyama aliyepata majana usiku mmoja hurudi kuyatafuta pale pale.